Kabati Lililommeza Achai

SEHEMU YA TISA

Komeo la nje lililia ta! na giza likamfunika Jepchirchir akiwa amechuchumaa ndani ya kabati, kikwaruzo mkononi, mdomo wazi.

Hapo ndipo ulipomwacha wiki iliyopita, msomaji. Wewe ulikunja gazeti ukaenda kula. Yeye hakuwa na pa kwenda.

Kama gazeti lile lilikupita, jua haya tu. Jepchirchir ni fundi wa rangi kutoka Eldoret. Huu ni mwaka wake wa sita akiandika mabango ya hoteli na shule mjini Juba, na karakana yake ya mabati iko Kator, si mbali na kanisa kuu. Mwezi uliopita alijiwa na Mathiang, mwalimu aliyekulia Nakuru akarudi nyumbani. Mathiang alileta vyombo vya mazingaombwe vya marehemu baba yake, Maker: panga za kupenyeza kwenye sanduku, meza ya kumwelesha mtu hewani, na kabati hili refu la mbao. Vyote vilikuwa vimeliwa na mchwa au kutu na kubambuka rangi. Alitaka vifufuliwe kwa onyesho la kumkumbuka baba yake, Jumamosi, katika ukumbi wa Nyakuron.

Lakini kabati lina sifa mbaya. Wazee wa Kator wanasema mwaka 1985, mbele ya ukumbi uliojaa watu, Maker alimwingiza humo mkewe Achai, mama yake Mathiang, ambaye ndiye aliyekuwa msaidizi wake jukwaani. Akafunga. Akafungua. Achai hakuwemo. Watu wakapiga makofi, wakamngoja arudi.

Hadi leo wanamngoja.

Na sasa aliyekuwa ndani ni Jepchirchir.

“Opio!” aliita. “Wacha mchezo! Fungua!”

Opio ni seremala wake, Mganda, mtu mzima asiye na mizaha ya kijinga. Na papo hapo Jepchirchir akakumbuka kwamba Opio alikuwa ameenda soko la Custom kutafuta bawaba. Hangerudi kabla ya saa sita na nusu.

Basi nani alikuwa nje?

Alinyamaza asikilize. Kengele ya kanisa kuu ilikuwa inapiga saa sita. Ilipokwisha, alisikia pumzi. Pumzi za mtu, karibu kabisa, upande wa pili wa mlango. Pumzi za mtu aliyechoka au anayelia.

Jepchirchir akaupiga mlango kwa ngumi.

“Wee! Kuna mtu humu!”

Nje kukawa na kishindo. Makopo ya rangi yakaanguka. Mtu alikuwa anarudi nyuma akijikwaa. Kisha ikasikika sauti ya mzee, kwanza kwa Kidinka, harakaharaka, kama sala. Halafu kwa Kiarabu cha Juba, ambacho Jepchirchir amejifunza kwa wateja na majirani.

“Nyamaza,” sauti ilisema. “Nyamaza, Achai. Kalas, imetosha. Nyamaza.”

Jepchirchir akaondoa mkono mlangoni.

Aliitambua sauti ile. Ilikuwa ya mzee Dhieu, mdogo wake Maker, baba mdogo wa Mathiang. Mzee yule yule ambaye siku kabati lilipoteremshwa kwenye lori aligeuza uso akakataa hata kulitazama.

“Mzee Dhieu! Si Achai! Ni mimi, fundi!”

Lakini alisema kwa Kiswahili, tena kwa kupiga kelele, na mbao nzito za kabati ziliyameza maneno. Nje ilitoka sauti ya mwanamke tu, ikilia kutoka ndani ya kabati lililommeza mwanamke.

“Miaka arobaini,” mzee alisema. “Miaka arobaini nakusikia ukigonga usiku. Sasa unagonga na mchana.”

Kisha Jepchirchir akasikia kitu kikimwagika. Polepole. Kwa mkupuo, kwa mkupuo.

Harufu ikapita chini ya mlango.

Mafuta ya taa.

Msomaji, ningekuambia kwamba alikuwa shujaa. Hakuwa. Haja ndogo ilitaka kumtoka. Aliupiga mlango kwa ngumi, kwa viwiko, kwa kichwa. Alilia kwa Kiswahili, akalia kwa Kikalenjin, akamwita mama yake aliye Eldoret. Na kadiri alivyopiga ndivyo mafuta yalivyomwagwa kwa kasi.

Kelele zake ndizo zilizokuwa zinamuua. Alipolitambua hilo akajiziba mdomo kwa kiganja.

Fikiri. Fikiri, Jepchirchir. Hili kabati unalijua.

Alilijua kweli kuliko mtu yeyote aliye hai. Wiki tatu alikuwa akilichuna ngozi. Chini ya rangi nyekundu alikuta samawati, chini ya samawati nyota za dhahabu, na chini ya nyota maandishi ya Kigiriki ya mmiliki wa kwanza. Alijua siri yake pia. Ukuta wa nyuma unaouona si ukuta. Ukiusukuma kwa bega unafunguka kama mlango, na nyuma yake kuna nafasi nyembamba ya kutosha mtu mmoja kusimama. Mwishoni mwa nafasi hiyo kuna kilango kidogo cha kutokea nyuma. Msaidizi hujificha pale, kabati linafunguliwa likiwa tupu, watu wanashangaa, naye anachomoka polepole nyuma ya pazia.

Hiyo ndiyo njia. Jepchirchir akasukuma kwa bega. Ukuta wa uongo ukafunguka. Akajibana ndani ya ule uwazi, kifua kikigusa mbao mbele na mgongo ukigusa mbao nyuma, akapapasa hadi kwenye kilango.

Akakisukuma. Hakikutingishika.

Akakumbuka.

Ni yeye mwenyewe aliyekifunga. Jana. Bawaba zake zilikuwa zimeoza, na kilango kilikuwa kikining’inia na kuharibu rangi mpya. Alimwambia Opio, “Kaza skrubu nne hapo, kisitingishike mpaka tupate bawaba.” Na Opio akikaza kitu, kimekazwa.

Skrubu nne, kwa ndani. Giza. Na kikwaruzo cha rangi.

Akaanza. Ncha ya kikwaruzo ilikuwa nyembamba kiasi cha kuingia kwenye mfereji wa skrubu, lakini iliteleza, ikateleza tena, ikamchana kidole gumba. Skrubu ya kwanza ikazunguka. Robo. Nusu. Jasho lilimwingia machoni. Joto la saa sita la Juba chini ya mabati si la kusimulia, na ndani ya kabati hewa ilikuwa tayari imegeuka mafuta ya taa.

“Unakwaruza,” mzee alisema nje. “Ulikwaruza hivyo hivyo siku ile. Nilikusikia. Nilikuwa nimekaa nyuma ya lori, kabati mbele yangu, na nikakusikia.”

Jepchirchir akaacha.

Wakati wanachuna rangi, yeye na Opio walikuta kitu nje ya kilango kile, kimezibwa kwa rangi nyekundu: komeo la pili, dogo, la chuma. Walikuna vichwa. Kilango cha kutorokea kinawekewaje komeo kwa nje? Nani anamfungia msaidizi wake? Opio alisema ni ujinga wa fundi fulani, wakaling’oa.

Sasa alijua fundi yule alikuwa nani.

Achai hakumezwa na kitu. Alisimama hapa hapa, gizani, akisikia makofi, akisukuma kilango kilichofungwa na shemeji yake.

Skrubu ya kwanza ikadondoka sakafuni.

Akasikia kiberiti kikitikiswa. Mzee alikuwa anakifungua.

Fundi asingeweza kumzuia. Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye mzee yule alikuwa anamsikiliza. Jepchirchir akateremsha sauti, akaituliza, akasema kwa Kiarabu cha Juba, maneno machache machache ili lafudhi isimsaliti.

“Dhieu.”

Kiberiti kikanyamaza.

“Dhieu. Weka kiberiti chini.”

Mzee akaanza kulia kama mtoto.

“Malesh, Achai. Malesh, nisamehe. Nilitaka kukutisha tu.”

“Weka chini.”

“Ulisema utamwambia Maker. Ulisema, onyesho likiisha tu, utamwambia kila kitu. Mimi ningeenda wapi? Kaka yangu angeniua.”

Vidole vya Jepchirchir havikuacha kazi. Skrubu ya pili ilikuwa laini, ilizunguka upesi. Mwache aseme, aliwaza. Akisema hawashi.

“Endelea,” akamwambia.

“Nilisema nikufungie usiku mmoja upate kuogopa, uape hutasema. Basi.”

“Nisiseme nini?” Jepchirchir aliuliza.

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo.

Skrubu ya pili ilianguka, na sauti yake ilikuwa kubwa kama ya sufuria.

“Achai anajua,” mzee alisema taratibu. Kilio kilikuwa kimekauka. “Achai anajua nilifanya nini. Wewe huulizi kama Achai. Ita munu? Wewe nani?”

Jepchirchir akachomeka ncha kwenye skrubu ya tatu.

“Nimekuuliza, wewe nani?”

“Jepchirchir,” alisema. “Fundi wa rangi. Nifungulie, mzee wangu. Tafadhali. Nina mama. Nifungulie tu, na mimi sijasikia chochote.”

Hakuna uongo dhaifu kuliko ule.

“Umesikia,” mzee alisema.

Basi ona hali yake, msomaji. Alipokuwa mzimu, mzee alimwogopa. Sasa alikuwa mtu, tena mtu aliyesikia, ndani ya kabati lililolowa mafuta. Na juu ya meza, hatua tatu kutoka hapo, kulikuwa na debe la thina ya kuyeyushia rangi. Moto ukilifikia debe lile, karakana nzima ingepaa.

Skrubu ya tatu haikukubali. Kichwa chake kilikuwa kimeliwa. Jepchirchir akaiacha, akaparamia ya nne, vidole vimejaa damu na vinateleza.

“Mimi si mtu mbaya,” Dhieu alisema nje. Hakuwa anazungumza na yeyote.

Njiti ikapigwa.

Hadi leo Jepchirchir hawezi kukuambia kama mzee aliutupa ule moto au ulimponyoka. Alichokijua wakati ule ni pumzi moja kubwa, hufff, na mstari mwekundu uliochora umbo la mlango wa mbele gizani, juu, chini, pembeni.

Alipiga yowe. Skrubu ya nne ilikuwa imetoka nusu. Akageuza mgongo, akaweka nyayo kwenye kilango na mabega kwenye ubao wa upande wa pili, akasukuma kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Mbao zikalia. Moshi ukamwingia kifuani. Akasukuma tena.

Kazi ya Opio ni kazi nzuri. Ilimchukua misukumo mitano kuivunja.

Kilango kiling’oka na kipande cha fremu, na Jepchirchir akatoka miguu mbele, akaanguka sakafuni kati ya kabati na ukuta wa mabati. Hakukaa. Alizunguka akitambaa, akalikumbatia debe la thina kama mtoto mchanga, akakimbia nalo mlangoni na kulitupa uani. Ndipo akakohoa. Akakohoa mpaka akatapika.

Alipogeuka, mzee Dhieu alikuwa amesimama pale pale. Hakuwa amekimbia. Alimtazama Jepchirchir aliyejaa vumbi jeupe la puti ya kuzibia mbao usoni, kwenye nywele, hadi kwenye kope, damu ikichuruzika mikononi. Mzee akaketi chini taratibu.

“Madam!” Boda boda ya Opio ilifunga breki nje. “Moshi natoka wapi? Madam iko wapi?”

“Opio! Mchanga! Usilete maji, leta mchanga!”

Opio alitupa mfuko wa bawaba, akanyakua karai la mchanga wa zege uliokuwa uani. Karai la kwanza, la pili, la tatu. Jepchirchir akavua aproni yake akapiga ndimi zilizobaki. Ilikuwa kama dakika kumi, au mbili, nani alihesabu. Moto ukafa. Mlango wa mbele wa kabati ulikuwa mweusi kama chungu, nyota zote za dhahabu zimegeuka malengelenge. Lakini kabati lilisimama.

Opio akatazama komeo, akatazama kibuyu cha mafuta, akamtazama mzee.

“Huyu nafunga wewe ndani?” aliuliza kwa upole wa kutisha. “Huyu mzee nachoma wewe?”

“Usimguse.”

“Mimi sigusi. Mimi nauliza tu.”

“Usimguse, Opio. Mpigie Mathiang.”

Hakukuwa na haja. Gari la Mathiang lilikuwa linaingia uani. Alikuwa amekuja kwa mazoezi, na hakuja peke yake. Alikuwa na Agum, binti wa pekee wa Dhieu, karani wa benki, mwanamke wa miaka thelathini na tisa aliyesomea Nairobi na mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Agum ndiye aliyejitolea kuingia kabatini Jumamosi mbele ya watu.

Aliingia akicheka. Kicheko kikakatika.

“Baba? Kumetokea nini? Mbona uko chini?”

“Jep,” Mathiang alisema. “Jep, uko sawa? Nani amekufanyia hivi?”

Jepchirchir alijifuta puti usoni. Alitamani kusema ni ajali, watu waende, aoge, apande ndege ya kesho arudi kwao. Alimtazama Mathiang, mtu aliyemweleza siku ya kwanza, kwa aibu, kwamba alipokuwa mdogo alikuwa anaogopa kufungua kabati za nguo.

Akasema yote. Komeo la pili. Lori. Mkwaruzo. Kiberiti. Alisema bila kupamba na bila kumtazama mzee.

Mathiang alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda kwenye mlango wa karakana, akaufunga, akazungusha ufunguo na kuutia mfukoni. Alifanya hivyo taratibu, kama mwalimu anayefunga darasa. Hapo ndipo Jepchirchir alipoogopa upya. Hofu ya mara hii haikuwa ya kupiga kelele.

“Anko,” Mathiang alisema. “Ni kweli?”

Dhieu alitazama mikono yake.

“Nakuuliza kitu kimoja. Ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Ulimfungia mama.”

“Nilimfungia.”

Mathiang aliitikia kwa kichwa. Akaenda kwenye kabati, akaufungua mlango uliokuwa bado unatoa moshi.

“Ingia.”

“Mathiang!” Agum akapiga kelele.

“Ingia, Dhieu.” Hakusema tena Anko. “Na wewe, Jep, unalijua komeo. Funga.”

“Bwana, hapana,” Opio alisema. “Mtu hafanyi hivyo.”

“Jep. Funga.”

Jepchirchir alisimama kati yake na kabati. Hakujua miguu ilimfikishaje pale.

“Sifungi,” alisema. “Nimetoka humo sasa hivi. Simfungii mtu. Hata huyu.”

“Huyu amekuchoma!”

“Najua alichonifanyia. Sifungi.”

Walitazamana. Uso wa Mathiang ulikuwa karibu naye kiasi cha kuhisi pumzi yake, na Jepchirchir aliona kwamba ule haukuwa ukatili. Ulikuwa uso wa mtoto wa miaka miwili, umri wake siku mama yake alipopotea.

Nyuma yake akasikia mbao zikilia.

Mzee Dhieu alikuwa ameinuka mwenyewe. Alishika fremu iliyoungua bila kujali vidole, akainama, akaingia. Akageuka, akachuchumaa chini kabisa, magoti kidevuni, mahali pale pale Jepchirchir alipokuwa akikwaruza.

“Nikiwaona usoni siwezi,” alisema kutoka humo. “Hapa nitaweza.”

Mathiang akarudi nyuma hatua moja.

“Miaka ile nilikuwa napeleka majina,” alisema. “Vita vilikuwa vimeanza. Kulikuwa na watu wa usalama waliotaka kujua nani anawasaidia walioko msituni, na mimi nilikuwa nawapelekea majina. Achai alinigundua. Ndilo alilotaka kumwambia kaka yangu. Nikaweka komeo. Kaka yangu alidhani ametokea nyuma, akamtafuta nje; mimi nikalipeleka kabati ghalani kama kawaida, naye ndani.”

“Akafa humo?” Mathiang aliuliza. Sauti haikuwa yake.

“Hapana. Nilimfungulia alfajiri. Alikuwa hai.” Mzee alikumbatia magoti. “Alikuwa hai, lakini hakuapa. Alinitemea mate. Alisema anakwenda kwa Maker moja kwa moja. Wale watu wa usalama walikuwa wamekuja na gari lao, walikuwa nje. Nikawaambia na yeye ni mmoja wa wale ninaowatajia. Nikawapa jina lake.”

Opio alifanya ishara ya msalaba.

“Sikujua kwamba alikuwa na mimba,” Dhieu alisema. “Naapa sikujua. Wala Maker hakujua. Miezi saba baadaye waliniita. Walinipa kitoto kimefungwa kwenye gunia la unga. Wakasema, hiki ni cha kwenu. Mke wangu hakuwa amejaliwa mtoto. Alikichukua akakipa jina la mama yake.”

Jepchirchir hakujua jina la mama wa mke wa Dhieu. Hakuwa na haja ya kuuliza. Alitazama uso wa Agum.

“Kwa nini ulikuja kulichoma leo?” Agum aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. “Baba. Kwa nini leo?”

“Kwa sababu Jumamosi ungeingia wewe,” mzee alisema. “Na mimi nilijua angekuchukua. Ana haki ya kukuchukua.”

Agum alitembea hadi kwenye kabati. Alimtazama mle ndani mtu aliyembeba mgongoni wakati wa kukimbia vita, aliyemlipia shule Nairobi, aliyempigia simu kila Jumapili baada ya misa. Jepchirchir alidhani angempa mkono atoke.

Agum aliushika mlango mweusi, akaufunga. Akasukuma komeo.

Kisha akageuka, akaupa mlango mgongo, akateleza hadi chini akaketi, masizi yakimchora kwenye blauzi yake nyeupe ya kazini.

Mathiang alienda akaketi kando yake. Mabega yao yaligusana, na kwa mara ya kwanza Jepchirchir aliona walivyofanana paji la uso, kitu ambacho mchoraji kama yeye alipaswa kukiona siku nyingi. Akahisi aibu kuwapo pale. Opio alikuwa anajifuta macho kwa mkono wenye mchanga.

Ukimya ule ulikaa muda mrefu. Mrefu kupita kiasi.

Jepchirchir ndiye aliyeshtuka kwanza. Mzee alikuwa amekohoa, alikuwa ameguna, halafu hakuna sauti. Alizunguka nyuma ya kabati. Kilango alichokivunja kwa miguu yake kilikuwa kimesukumwa kando. Bati moja la ukuta lilikuwa limesukumwa nje, misumari imeng’oka, na mwanga wa jua ulikuwa umelala sakafuni.

“Ametoka!” alipiga kelele. “Mathiang, ametoka!”

Nje boda boda ya Opio ilinguruma.

“Pikipiki yangu!” Opio aliruka. “Mzee nachukua pikipiki yangu! Fungua mlango, bwana! Fungua!”

Mathiang alijipapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa shati. Ufunguo ulimponyoka ukaanguka kati ya makopo. Walipoupata na kuufungua mlango, uani kulikuwa na vumbi tu, na mlio wa injini ulikuwa unafifia nyuma ya nyumba.

“Hajasema,” Mathiang alihema. “Mama alikwenda wapi? Hajasema alikwenda wapi!”

Simu ya Agum ikalia.

Aliitoa mkobani, akaitazama. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa BABA. Alibonyeza, akaweka sauti ili wote wasikie. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, na chini ya upepo, sauti ya mzee, tulivu kabisa.

“Agum, mwanangu. Naelekea kwa mama yenu. Mwambie kaka yako aje na sepetu.”